Busseola, Sesamia, Spodoptera na Chilo: nani ndugu wa nani?

Swali: Mimi ni afisa ugani wa kata katika Nyanda za Juu Kusini. Kitabu nilichosomea chuoni kinaweka Busseola, Sesamia na Spodoptera pamoja katika familia ndogo Amphipyrinae, na Chilo katika Pyralidae. Machapisho mapya yanasema Noctuinae na Crambidae. Wakulima nao huwaita wote funza, au wote viwavijeshi. Nani hasa ni ndugu wa nani, kwa nini majina yanahamahama, na mabadiliko haya yananisaidia nini nikiwa shambani?

Jibu:

Busseola na Sesamia, nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mahindi, ni ndugu wa karibu. Wote ni wa familia Noctuidae, familia ndogo Noctuinae, kabila (ngazi iliyo chini ya familia ndogo) Apameini, na ndani ya kabila hilo wanakaa tawi moja linaloitwa Sesamiina. Spodoptera naye ni Noctuinae, ila wa kabila jingine, Prodeniini, kwa hiyo kwa funza hao wa mabua yeye ni binamu. Funza wa vitumba, Helicoverpa, ni Noctuidae vilevile lakini wa familia ndogo Heliothinae. Chilo hayumo kabisa katika ukoo huu. Yeye ni Crambidae, chini ya familia kuu Pyraloidea, na nasaba yake inakutana na ya Busseola mbali sana nyuma, ingawa shambani utawatoa wote wawili katika bua moja la mahindi.

Sasa kuhusu Amphipyrinae. Mpango wa zamani wa kugawa Noctuidae, ulioenezwa na George Hampson wa makumbusho ya London mwanzoni mwa karne ya 20, ulitegemea vitu vichache vinavyoonekana kwa nondo mkubwa, yaani aliyekwisha kutoka kwenye pupa: macho yana nywele au hayana, na miundi ya miguu ina miiba au haina. Wenye macho ya nywele waliwekwa pamoja na baadaye wakaitwa Hadeninae. Wenye macho matupu na miiba kwenye miundi walikuwa Noctuinae kwa maana finyu ya zamani. Waliobaki, yaani wasio na nywele machoni wala miiba miguuni, wakarundikwa mahali pamoja. Rundo hilo ndilo lililokuja kuitwa Amphipyrinae.

Kasoro yake utaiona ukijiuliza kundi hilo lilifafanuliwa kwa nini: kwa kukosa. Macho matupu na miundi isiyo na miiba ni hali ya kawaida kwa nondo wengi sana, ikiwamo nasaba zilizoachana zamani. Kuwa nayo hakukuambii kwamba wawili wametoka kwa mzazi mmoja wa karibu. Ushahidi wa undugu ni sifa mpya, iliyozuka kwa mhenga mmoja na kurithiwa na wazao wake peke yao. Kukosa kitu kunaweza kuwa ushahidi pale tu inapoonekana kwamba kitu hicho kilikuwapo na kikapotea kwa mhenga huyo huyo, na kwa Amphipyrinae hilo halikuthibitishwa kamwe. Vinasaba vilipoanza kusomwa, rundo likasambaratika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba jenasi zilizokuwa zikiitwa Amphipyrinae zimetapakaa kwenye matawi mengi tofauti ya Noctuidae. Jina lenyewe lingali halali, ila limebaki na jenasi chache zilizo karibu na Amphipyra. Kwa hiyo ukiliona katika kitabu cha zamani, lisome kama "Noctuidae ambaye bado hajapewa mahali pake".

Kwa Chilo hali ni tofauti. Pyralidae ya zamani haikuwa rundo la namna hiyo. Ilikuwa ukoo halisi wenye pande mbili kubwa, na tangu kazi ya Mfaransa Joël Minet mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wengi wamezipa pande hizo hadhi ya familia mbili, Pyralidae na Crambidae. Undugu haukubadilika, kilichobadilika ni ngazi. Kitabu kinachosema "Chilo, Pyralidae" hakijakosea nasaba, kinatumia tu jina kwa upana wa zamani. Hata hivyo andika Crambidae katika taarifa zako, kwa sababu Eldana saccharina wa miwa amebaki Pyralidae, upande wa akina Galleria, nondo wanaoharibu masega ya nta kwenye mizinga. Ukiwaita Chilo na Eldana kwa familia moja, msomaji wa leo atadhani umewachanganya.

Kinachotenganisha Noctuidae na Pyraloidea kwa uhakika kabisa ni masikio. Nondo wa pande zote mbili wanasikia milio ya popo, lakini wa Noctuidae masikio yake yako nyuma ya kifua, karibu na kiuno, na wa Pyraloidea yako chini, mwanzoni mwa tumbo. Uwezo wa kusikia ulizuka mara mbili, kila upande kivyake. Ndiyo maana hatusemi "wote wana masikio, basi ni ndugu". Tunaangalia sikio liko wapi na limejengwa vipi. Kuna alama nyingine rahisi zaidi kwa nondo mkubwa mwenye mrija wa kunyonya ulioendelea vizuri: Pyraloidea wana magamba kwenye shina la mrija huo, Noctuidae mrija wao ni mtupu.

Wewe lakini hukutana zaidi na viwavi, kwa hiyo tukae hapo.

Chukua kiwavi aliyekomaa, wa hatua ya nne kwenda juu. Mtumbukize katika maji yanayokaribia kuchemka kwa dakika moja au mbili, kisha mhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Usiruke hatua ya maji ya moto. Kiwavi anayetiwa ethanoli akiwa hai hujikunja na kuwa mweusi, na alama zote unazozitafuta hupotea. Mgeuze chali chini ya lenzi ya kukuza mara 10, au 20 ukiipata, utazame nyayo za miguu ya uongo iliyo katikati ya tumbo. Kila unyayo una vindoano vidogo vya rangi ya kahawia. Kwa Busseola, Sesamia na Spodoptera vindoano vimepangwa mstari mmoja uliopinda kama mwezi mchanga, upande wa ndani wa unyayo. Kwa Chilo vinazunguka unyayo na kufanya duara. Tofauti hii huonekana wazi hata kwa anayeitazama mara ya kwanza, na haibadiliki kwa chakula wala hali ya hewa, tofauti na rangi ya mwili. Eldana naye ana duara. Ili kumtenganisha na Chilo, tazama pingili ya nane ya tumbo: kwa Pyralidae unywele mmoja ulio juu ya tundu la hewa umezungukwa na pete ngumu yenye rangi, na Crambidae hawana pete hiyo.

Kosa la kawaida hapa ni kutumia viwavi wadogo waliotoka kwenye mayai siku chache zilizopita. Miguu yao ya uongo haijakamilika na vindoano ni vichache mno kusomeka. Walee kwenye vipande vya bua mbichi mpaka wakue, ukibadilisha chakula kila baada ya siku mbili au tatu kabla hakijaota ukungu.

Busseola na Sesamia hawatenganishwi kwa nyayo. Rangi husaidia kidogo (Sesamia huwa na waridi zaidi mgongoni, Busseola huelekea kijivu), lakini nisingeandika jina la spishi kwenye taarifa kwa rangi peke yake. Mahali unapofanya kazi kunaelekeza pia: Busseola fusca ni wa nyanda za juu zaidi, na Chilo partellus, mgeni kutoka Asia aliyerekodiwa Malawi mwaka 1930, alianzia maeneo ya chini yenye joto, ingawa amekuwa akipanda. Jina la uhakika hutoka kwenye viungo vya uzazi vya nondo mkubwa.

Kuviandaa si kazi ya maabara kubwa tu. Kata tumbo la nondo, liweke kwenye myeyusho wa potasiamu hidroksaidi wa asilimia 10, ama usiku mzima bila moto, ama dakika 10 hadi 15 chupa ikiwa ndani ya maji ya moto. Vaa glavu na miwani, myeyusho huu unaunguza ngozi na macho. Hamishia tumbo kwenye maji yenye ethanoli kidogo, sugua magamba kwa brashi laini ya kuchorea, kisha vuta viungo vitoke kwa koleo nyembamba. Ukichemsha mno, sehemu laini, hasa za jike, zinakuwa angavu na kuchanika. Ukichemsha kidogo, mafuta yanabaki na kuficha kila kitu. Kama huna gundi ya kudumu ya slaidi, kichupa kidogo cha gliserini kinatosha, mradi kikae kwenye pini ileile ya nondo husika pamoja na namba yake. Viungo visivyojulikana ni vya nondo gani havina kazi tena.

Ninakazia viungo vya uzazi kwa sababu historia ya Busseola inaonyesha gharama ya kuviruka. Nondo huyu alitajwa kwanza na Fuller mwaka 1901 kama Sesamia fusca. Mwaka 1953 Tams na Bowden walipofanya mapitio ya Sesamia wa Afrika na jenasi za jirani, wakamweka katika Busseola, jenasi iliyoundwa na Thurau mwaka 1904. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, karibu kila Busseola aliyekutwa kwenye nyasi pori aliandikwa fusca, na orodha ya mimea yake ikawa ndefu. Watafiti waliokusanya upya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 2000 na kukagua viungo vya uzazi na vinasaba walikuta kwamba wengi wa hao ni spishi nyingine, kama Busseola phaia na Busseola segeta, na fusca mwenyewe ni adimu kwenye nyasi pori. Hilo lina uzito kwako. Ukiamini orodha ya zamani, utawaambia wakulima wafyeke matete ya mtoni ili kupunguza funza wa mahindi. Ukifuata utambulisho sahihi, nguvu utaiweka kwenye mabua makavu yaliyoachwa shambani baada ya mavuno, ambamo kiwavi wa fusca hulala msimu wote wa kiangazi, hasa sehemu ya chini ya bua.

Jenasi za Sesamiina bado zinapangwa upya. Sciomesa, kwa mfano, imeshafanyiwa mapitio kwa maumbo na vinasaba pamoja. Tarehe zilizokadiriwa kwa vinasaba zinaonyesha Apameini walichanua katika Miosini (takriban miaka milioni 23 hadi 5 iliyopita), wakati nyasi na maeneo ya wazi yalipokuwa yakienea duniani, na hiyo inaeleza kwa nini ukoo huu una watoboa mabua wengi hivyo.

Kwa Spodoptera, shida yako kubwa itakuwa majina ya zamani. Mwaka 1852 Guenée aliunda jenasi tatu ambazo leo ni moja: Spodoptera, Laphygma na Prodenia. Kwa hiyo Laphygma exempta wa vitabu vya kilimo vya enzi ya ukoloni ndiye kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta. Prodenia litura inahitaji uangalifu zaidi. Mpaka Viette alipowatenganisha mwaka 1963, jina litura lilitumika Afrika na Asia bila kubagua. Taarifa yoyote ya zamani ya "Prodenia litura" kwenye pamba au tumbaku ya Afrika Mashariki isome kuwa Spodoptera littoralis, maana litura halisi ni wa Asia na visiwa vya Pasifiki. Mabano nayo yana habari ndani yake. Ukiona Spodoptera frugiperda (J. E. Smith, 1797), mabano yanakuambia kwamba Smith alimweka kwenye jenasi nyingine na wengine wakamhamisha baadaye. Sesamia calamistis Hampson, 1910 haina mabano kwa sababu hajahama tangu alipopewa jina. Usiyaongeze wala kuyaondoa kwa kupendezesha.

Kwamba Spodoptera ni kundi moja la kweli, zaidi ya vinasaba, unaweza kuona dalili yake shambani: jike hutaga mayai kwa marundo na kuyafunika kwa magamba ya tumbo lake. Helicoverpa hutaga moja moja. Ndani ya jenasi hii yenye spishi kama 30, taya la kiwavi limefuata njia mbili. Spishi zinazokula nyasi tu, exempta akiwamo, zina taya lenye ukingo ulionyooka na mkali wa patasi, unaofaa kukata majani yenye silika nyingi. Wanaokula mimea mchanganyiko, kama littoralis, wana taya lenye menomeno. Kiwavijeshi vamizi, frugiperda, ana menomeno ingawa anapenda sana mahindi, na kwa kweli orodha ya mimea anayoila ni ndefu. Mashariki mwa Afrika watu wengi humfananisha na exempta kwa sababu ya jina "kiwavijeshi". Ni jenasi moja, lakini msitegemee tabia zilingane: exempta huja kwa mawimbi na kuandamana makundi kwa makundi akiwa mweusi, frugiperda hujificha ndani ya majani machanga ya katikati ya mhindi na hula wenzake.

Kuna pia "kiwavijeshi" asiye Spodoptera kabisa, anayekutwa kwenye mahindi na mara nyingi kuripotiwa kimakosa kuwa vamizi: Leucania loreyi, ambaye machapisho mengine humwita Mythimna loreyi. Huyu ni wa kabila Leucaniini, na ndani ya Noctuinae yuko karibu zaidi na sota, Agrotis, kuliko na Spodoptera. Nondo mkubwa hutambulika kwa jicho lake: liweke chini ya darubini, mwanga uje kutoka ubavuni, na utaona nywele fupi zimesimama katikati ya vipande vya jicho. Spodoptera jicho lake ni laini tupu. Kwa kiwavi, tafuta madoa manne meusi yaliyopangwa mraba kwenye pingili ya nane ya tumbo, pamoja na alama ya Y iliyopinduliwa usoni. Frugiperda anavyo vyote viwili. Usitegemee Y peke yake, viwavi wengi wa Noctuidae wana mshono wa umbo hilo usoni.

Ukitaka kutuma sampuli zipimwe vinasaba, kipande kinachosomwa kwa kawaida ni herufi 658 za jeni ya COI ya mitokondria. Weka mguu wa nondo au kichwa cha kiwavi katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, si ile ya 70. Epuka tumbo la kiwavi. Viwavi wa mabua mara nyingi wamebeba ndani yao mabuu ya Cotesia, nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya viwavi, na mashine inaweza kukusomea nyigu badala ya nondo. Matokeo yakirudi, kwanza hakikisha mfuatano unatafsirika hadi mwisho bila kukatizwa na alama za kusimama, kwa kanuni ya mitokondria ya wasio na uti wa mgongo. Zikikatiza, huenda umepata nakala mfu iliyohamia kwenye kiini cha seli.

COI ni nzuri kwa kutambua spishi na dhaifu kwa kupanga makabila, kwa sababu kwenye umbali huo herufi zimeshabadilika na kurudi mara nyingi. Ndiyo maana kazi kubwa ya mwaka 2011 iliyopanga upya familia za Noctuoidea ilitumia vipande 8 vya jeni, saba kati yake vya kiini. Mti wa COI peke yake ukikuonyesha Sesamia amekaa kando ya Spodoptera, usiuamini kabla ya kuona namba za uungaji mkono, zinazoonyesha data zinaunga mkono kila tawi kwa kiasi gani. Mitokondria nayo hurithiwa kwa mama tu. Kiwavijeshi vamizi ana aina mbili za kinasaba zilizopewa majina ya mpunga na mahindi. Wengi wa Afrika wana COI ya aina ya mpunga huku jeni yao ya Tpi, iliyo kwenye kiini, ikiwa ya aina ya mahindi, na wanakutwa kwenye mahindi. Anayesoma COI pekee angetangaza kuwa mpunga ndio ulio hatarini.

Sasa faida yake shambani, na mipaka yake. Mwaka 1993 icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, ilianza kuachia pwani ya Kenya nyigu Cotesia flavipes kutoka Pakistan ili kupunguza Chilo partellus. Nyigu huyu hukua vizuri ndani ya Chilo, na pia ndani ya Sesamia calamistis aliye familia nyingine kabisa. Lakini ndani ya Busseola fusca, ndugu wa karibu wa Sesamia, mayai yake huzungukwa na chembe za kinga na kufa. Nyigu wa kienyeji, Cotesia sesamiae, ana tofauti ndani ya spishi yake mwenyewe: wa nyanda za juu za Kenya wanafanikiwa kwa fusca, wa pwani hawafanikiwi. Nasaba hukupa makisio ya kwanza kuhusu adui, chakula au dawa, kisha lazima yapimwe kwa kiumbe mwenyewe. Kwa kata yako, ambako fusca ndiye anayetarajiwa zaidi, kabla ya kuomba nyigu wowote kusanya viwavi 50 au zaidi kutoka mashamba kadhaa, uwagawe kwa vindoano, uwalee mpaka wawe nondo, na utume madume kadhaa yakaguliwe viungo vya uzazi. Kwenye kila lebo andika kijiji, mwinuko kwa mita, tarehe, mmea na sehemu ya mmea alikotolewa kiwavi. Ukimwomba mtu nyigu, taja na mwinuko, ili upewe wa nyanda za juu.